Wanaovuta magogo kwa ATV (pikipiki ya matairi manne): kwa nini gogo dogo linanyanyua mbele na kubwa linakuja kiulaini?

#1 Mpaina_Mufindi
Habari za humu wakuu. Naenda kwenye mada moja kwa moja. Tuna shamba la paina huku Mufindi, mzee alipanda, sisi watoto tunapunguzia sasa hivi, yaani mistari iliyobanana tunatoa mti huu tunaacha ule. Tatizo la shamba letu ni bonde. Barabara iko juu, miti mingi iko chini kule karibu na mto, na mwenye dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao, kagoma kushusha mashine yake kwa sababu ya utelezi. Kwa hiyo gogo likishakatwa futi 12 lazima lipande mlima. Zamani tulikuwa tunatumia vijana wanabeba mabegani, ila mvua zikianza tu wanapotea au wanapandisha bei.

Nikapata ATV iliyotumika, 500cc, fowili, jamaa alikuwa anatembezea watalii. Inavuta. Ila kuna kitu sikielewi. Gogo nene la kama sentimita 30 naja nalo mpaka juu bila presha. Nikifunga yale membamba, ya sentimita 15 mpaka 20, tukifika katikati ya mlima tairi za mbele zinaacha ardhi kabisa, juzi ilibidi niruke. Yaani jepesi ndiyo linataka kunipindua na zito linakuja. Kila niliyemuuliza huku kijijini ana jibu lake. Wenye uzoefu karibuni.

#2 Nyani_Mzee
Uzi bila picha ni umbea. Ngoja nikae siti ya mbele wataalam waje.

#3 FundiGereji
Mkuu mleta uzi, mnyororo umeufunga wapi kwenye chombo? Jibu hilo kwanza kabla hatujaenda mbali.

#4 Maksai_wawili
Uza hiyo ATV nunua ng'ombe wawili. Ng'ombe hanyanyuki mbele.

#5 Mpaina_Mufindi
@FundiGereji nafunga kwenye chuma cha keria ya nyuma, ndiyo sehemu iliyo wazi. Ya chini pale kwenye ndoano ya trela kuna bampa limekaa vibaya mnyororo unasugua. Lakini kabla hujasema ndiyo sababu, nikumbushe tu kwamba gogo nene nalo nalifunga palepale na halininyanyui.
@Maksai_wawili nimecheka, ila ng'ombe nao wanaibiwa.

#6 FundiGereji
Basi tumemaliza. Keria imetengenezwa kubeba mzigo, haijatengenezwa kuvuta. Ukifunga kamba juu ya ekseli ya nyuma, gogo likigoma, injini inaendelea kuzungusha na chombo kinajizungusha chenyewe kurudi nyuma. Unalala chini na kilo mia tatu zinakulalia. Kamba siku zote iwe chini ya ekseli, kwenye ndoano ya trela. Toa hilo bampa, kata, choma upya, elfu chache tu kwa fundi wa kuchomelea.

#7 Mwalimu_wa_Fizikia
FundiGereji yuko sahihi kwenye ushauri ila maelezo yamepinda kidogo. Chombo kinapokuwa kinatembea, pa kuhesabia siyo ekseli, ni pale tairi la nyuma linapogusa ardhi. Maana yake hata ukifunga chini ya ekseli bado nguvu ya kunyanyua ipo, imepungua tu. Uzito wa mbele ndio unaoshindana na hiyo nguvu, na ukiwa kwenye mlima uzito wa mbele unahamia nyuma wenyewe hata kama hujafunga kitu.

#8 FundiGereji
Mwalimu, mimi nimetengeneza matrekta toka ujana wangu, nimeona Massey iliyosimama wima. Tairi zilikuwa zimezama kwenye tope haziendi popote. Hapo ilizunguka kwenye nini kama siyo ekseli?

#9 Mwalimu_wa_Fizikia
Tairi ikikwama kabisa ni kesi nyingine na hapo una haki. Mleta uzi hajasema amekwama, amesema yuko katikati ya mlima anatembea.

#10 Nyani_Mzee
Wakuu mnyanyuko unaua hata ukiuita jina gani, endeleeni.

#11 Hesabu_za_Shamba
Tuweke namba maana watu wanakisia. Gogo la futi 12 ni mita 3.66. Upana sentimita 25 linakuja kama mita za ujazo 0.18. Paina mbichi iliyoangushwa leo ni karibu nzito kama maji, kwa hiyo hapo una kilo 160 mpaka 180. Sentimita 30 ni kama kilo 250. Sentimita 40 unaingia kwenye 450 na zaidi kidogo. Watu wanasahau kwamba upana ukiongezeka mara mbili uzito unaongezeka mara nne, ndiyo maana kijana anabeba la sentimita 15 begani anatembea akiimba na la 30 hawalibebi hata wanne bila kugombana.

Sasa ATV. Kwa mfano Honda ya 420 kiwandani imeandikiwa kuvuta kilo 385, Polaris za 570 wanaandika zaidi ya hapo, kwenye 600 hivi. Lakini hizo ni za trela lenye matairi kwenye ardhi tambarare! Gogo linaloburuzwa chini lina msuguano wake, chukua nusu ya uzito wake kama makadirio, halafu mlima unaongeza juu. Gogo lako la 30 bado liko ndani ya uwezo. La 15 ni kilo sitini tu. Kwa namba hizi jepesi haliwezi kukunyanyua kwa uzito wake. Kuna kitu kingine kinalishika.

#12 Mpaina_Mufindi
@Hesabu_za_Shamba hapo ndipo ninapopataka. Kuna kitu kinalishika. Nini?

#13 Mkata_Kuni
Kinacholishika ni ardhi. Gogo jembamba kichwa chake kiko chini, sentimita 15 tu, kinaingia chini ya mizizi na visiki vya mwaka jana, kinachimba. Gogo nene lina kichwa cha mviringo kikubwa linapanda juu ya kila kitu. Mimi Njombe nachonga ile ncha ya mbele kwa shoka, nazungusha kingo zote ziwe kama penseli, dakika mbili kwa gogo. Jaribu uone.

#14 Dada_Minnesota
Mkata_Kuni umenena. Huku Marekani wanauza kofia ya plastiki ngumu yenye umbo la koni, unavalisha kichwa cha gogo, mnyororo unapita katikati, inateleza juu ya visiki. Mimi na mume wangu tunakata kuni za baridi kwenye msitu wetu, tunatumia ATV ileile ya kuondolea theluji. Siri yetu ni kusubiri mwezi wa kwanza, ardhi imeganda ngumu na theluji juu, gogo linateleza lenyewe. Kiangazi hatuvuti kabisa, mbu na tope.
Kofia hiyo unaweza kuitengeneza kwa nusu pipa la plastiki, kata, kunja, toboa.

#15 Elburgon_Boy
Sasa nyinyi watu wa Tizedi, hapa kwetu Elburgon, Kenya, hiyo kazi tunafanya na tinga (trekta) ama punda. Punda wawili na mnyororo, unashuka hadi mtoni, na punda hana maneno. Ile time serikali ilifunga kukata miti kwa msitu ya serikali 2018, wasee wengi waliuza punda zao, saw mill zikafungwa. Ilikuja kufunguliwa 2023 na watu hawakuwa na punda wala tinga. Ndio unaona wengine sasa wananunua hizi ATV. Mimi sijaona moja ikivuta sipresi ikafika.

#16 Babu_Makambako
Vijana shikamooni, naanza mimi leo. Mnahangaika na gogo kupanda mlima wakati cha kupanda mlima ni mbao. Sisi huku miaka yote dingdong inafuata gogo, siyo gogo linafuata dingdong. Mashine inafunguliwa vipande, injini peke yake, fremu peke yake, vijana wanashusha, inafungwa bondeni, wanapasua hapohapo, mbao 2x4 na 2x6 zinapanda kichwani. Mabanzi na pumba zinabaki chini, na nusu ya gogo na zaidi ni mabanzi na pumba kwa hizi mashine zetu, sasa kwa nini uchome petroli kupandisha pumba?

#17 Mkata_Kuni
Babu marahaba... samahani, shikamoo Babu 😂 umetuchanganya.

#18 Babu_Makambako
Marahaba. Nilitaka nione nani kalelewa.

#19 Mpaina_Mufindi
Babu shikamoo. Hoja yako kubwa ila nimesema kwenye #1, mwenye mashine kagoma kushuka. Mara ya mwisho ilishuka kwa jirani ikakaa huko masika yote, injini iliingia maji. Pia mabanzi kwetu siyo uchafu, tunauza kwa watu wa kuchoma tofali barabarani.

#20 Kapi_na_Kamba
Naona watu mnabishana kuhusu kuvuta kwa kutembea. Mimi situmii ATV kuvuta kwa kutembea kwenye mlima hata siku moja. Naipaki juu, naifunga kwa nyuma kwenye mti ulio hai, navuta kwa winchi ya mbele. Chombo hakitembei, hakinyanyuki, hakipinduki. Winchi ya ATV ya kawaida imeandikwa pauni 2,500, hiyo ni kama kilo 1,130, ila hiyo namba ni kwa safu ya kamba ya ndani kabisa kwenye roli, kadiri kamba inavyojaa kwenye roli nguvu inashuka. Ukiweka kapi moja kwenye gogo na kurudisha kamba juu unapata karibu mara mbili ya nguvu, kasi inakuwa nusu. Kwa paina ya sentimita 30 hata kapi huhitaji.

#21 FundiGereji
Na betri? Winchi ya umeme inakula betri, na ATV nyingi chaji yake ndogo. Magogo machache unarudi nyumbani kwa kusukuma.

#22 Kapi_na_Kamba
Unaacha injini inanguruma, unavuta unapumzika, unavuta unapumzika. Injini ya winchi ikishika moto usiiguse, iache. Na kama ni waya wa chuma vaa glavu za ngozi, tupia gunia au koti zito katikati ya waya, ukikatika usikuchape. Kamba za sintetiki zile za kisasa ni salama zaidi ila mchanga wa mto unazila.

#23 Mzee_wa_Upepo
Hamjauliza upepo wa matairi. ATV ya watalii mara nyingi wanajaza upepo mwingi ikimbie vizuri barabarani. Punguza. Matairi ya hizi mashine yanataka upepo mdogo sana, soma ubavuni pa tairi lenyewe.

#24 Mwalimu_wa_Fizikia
Tairi likishika zaidi ndipo mbele itanyanyuka zaidi, siyo pungufu. Likiteleza unapona. Sasa unamshauri apunguze upepo ili apinduke vizuri?

#25 Mzee_wa_Upepo
Nimemshauri apate mshiko mwanana asiwe anakanyaga mafuta kwa hasira. Anayekanyaga kwa hasira ndiye anayenyanyuka. Mwalimu punguza ukali.

#26 Mshika_Dole
Hasira naunga mkono. Mafuta ya ATV yapo kwenye kidole gumba, ukipita kwenye shimo mkono unajibonyeza wenyewe. Halafu hizi zenye mkanda badala ya klachi zinashika ghafla. Mnyororo ukiwa umelegea, unaondoka, mnyororo unakaza kwa ghafla, kichwa juu. Gogo zito unaliheshimu, unaondoka taratibu kwenye gia ya chini. Gogo jepesi unalidharau, unaondoka kama unaenda dukani. Mimi naona tatizo ni dereva.

#27 Mpaina_Mufindi
@Mshika_Dole mkuu dereva siyo mmoja, nimemweka na mdogo wangu, yeye ni mwoga kuliko mimi, kilimtokea vilevile na palepale.

#28 Dada_Minnesota
"Palepale" maana yake sehemu ileile ya mlima?

#29 Mpaina_Mufindi
Ndiyo dada, kuna kona baada ya mgunga mkubwa. Lakini na magogo manene yanapita hapohapo.

#30 Hesabu_za_Shamba
Swali dogo. Hayo membamba unafunga moja moja?

#31 Mpaina_Mufindi
Mawili mpaka matatu kwa mpigo, moja moja si nitamaliza mwakani.

#32 Hesabu_za_Shamba
Ahaaa. Na unasema hivi kwenye posti ya 31!

#33 Mkata_Kuni
Matatu kwenye mnyororo mmoja kwenye kona, moja linaenda huku moja kule, yanashika miti miwili iliyosimama kama uma. Kesi imefungwa.

#34 Mpaina_Mufindi
Haijafungwa. Mdogo wangu alikuwa na moja.

#35 Nyani_Mzee
Huu uzi nauweka kwenye vipendwa. Mleta uzi anafungua kesi kila ikifungwa.

#36 Mwanamisitu
Nimesoma misitu, nifafanue kitu ambacho naona kimerukwa. Unavuta gogo likiwa limetanguliza kitako au ncha? Matawi ya paina yanaelekea juu ya mti. Ukitanguliza kitako, vile vishina vya matawi vilivyobaki vinalala nyuma, vinapita. Ukitanguliza ncha vinageuka kuwa ndoano, vinakamata kila mzizi. Magogo ya sehemu ya juu ya mti ndiyo membamba na ndiyo yenye matawi mengi, kwa sababu matawi ya chini mliyapogolea mti ukiwa mdogo. Kwa hiyo jembamba lako lina ndoano na nene lako ni laini. Siyo uzito, ni vifundo. Mwambie anayeshika chensoo akate matawi kwa usawa wa gogo, asiache vishina.

#37 Maksai_wawili
Hapo sasa umeongea. Hata kwa ng'ombe tunatanguliza kitako.

#38 FundiGereji
Ukitanguliza kitako unatanguliza upande mzito. Ukiufunga mfupi ukanyanyuka, uzito wote unakaa nyuma ya ATV na mbele inabaki tupu. Kwa mashine ndogo mimi bado nasema ncha mbele, na uchonge kama alivyosema Mkata_Kuni.

#39 Mwanamisitu
Ndiyo maana kuna vile vigari vya tao, chuma kimepinda juu ya magurudumu mawili, kichwa cha gogo kinaning'inia kwenye tao, uzito unabebwa na magurudumu ya kigari siyo na ATV. Mkia tu unaburuzika. Unapata faida zote mbili. Pale Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao, nenda uwaulize uvunaji wa wakulima wadogo, usitegemee sisi wa mtandaoni tu.

#40 Ulaya_Kaskazini
Naongezea, mimi niko Uswidi. Wakulima wa huku wenye misitu yao midogo wanatumia ATV sana, lakini hawaburuzi. Wana trela lenye magurudumu manne nyuma, mawili mawili yanapanda na kushuka kwa zamu juu ya mawe, na wengine wanaweka kreni ndogo ya kupakilia. Gogo haligusi ardhi kabisa. Bei yake unanunua pikapu.

#41 Elburgon_Boy
Ama punda kumi.

#42 Mama_Usalama
Nimesoma uzi wote na watu mnacheka sana. Mtu amesema ALIRUKA. Kule Australia hizi mashine zimeua wakulima wengi mpaka tangu Oktoba 2021 ATV mpya za kazi haziuzwi bila chuma cha kumkinga dereva ikipinduka. Wengi wanaokufa wanakandamizwa na mashine ikiwalalia wakashindwa kupumua, wakiwa peke yao shambani. Kaka, vaa helmeti, usivute ukiwa peke yako, na mtoto asipande nyuma. Na kama mbele ikinyanyuka achia mafuta, USIKANYAGE breki ya nyuma kwa kushtuka wala usijaribu kuishikilia.

#43 Mshika_Dole
Mama hapo kwenye breki sikubali, ukiachia mafuta kwenye mlima inarudi nyuma.

#44 Mama_Usalama
Ukiachia mafuta mbele inashuka chini kwanza. Ikishashuka ndiyo unashika breki ya mbele taratibu. Na gogo liko nyuma yako limeshika ardhi, haurudi mbali.

#45 Mshika_Dole
Kama gogo ni la mviringo na mlima ni wa udongo mwekundu umenyeshewa, gogo nalo linarudi. Nimeona.

#46 Shuka_Polepole
Mnaongelea kupanda tu. Kushuka ndiko kunakoua. Ukishuka na gogo nyuma linakukimbilia, linakugonga matairi ya nyuma, chombo kinageuka ubavu. Ni heri mara mia kuvuta kwa kupanda. Kwetu Makete tunashusha kwa kamba ndefu, tumezungusha kwenye mti, mtu anaachia kidogo kidogo.

#47 Mkata_Kuni
Kamba inakula gome la mti uliosimama, halafu funza wanaingia. Weka gunia.

#48 Mnunuzi_Mbao
Samahani natoka nje ya mada, hizo mbao mnauza? Nahitaji 2x4 za futi 12 zilizokauka.

#49 Mpaina_Mufindi
Zipo mkuu, mbichi lakini. Njoo PM.

#50 Babu_Makambako
Mnunuzi hakikisha mna TP (kibali cha kusafirisha mbao) kabla lori halijawashwa, na usisafirishe usiku. Nimeona mtu kalala kwenye kizuizi na mbao zake halali kabisa, karatasi tu hakuwa nayo.
Na mleta uzi, kwa umri wa miti uliyonayo, hayo membamba kwa nini unayapasua? Wape watu wa nguzo za uzio na mirunda. Unayakata mafupi palepale bondeni, kijana anabeba, ATV inabaki na manene peke yake ambayo umesema hayana shida.

#51 Hesabu_za_Shamba
Babu ametatua bila fizikia.

#52 Mwalimu_wa_Fizikia
Babu hajatatua, amelikwepa.

#53 Babu_Makambako
Mwalimu, mbao zikipanda mlima na mtu hajavunjika shingo, mimi sina swali lingine.

#54 Mzee_wa_Upepo
Hivi springi za nyuma za hiyo ATV zikoje? Ya watalii ilikuwa inabeba watu wawili kila siku, nyuma itakuwa imelala. Ikilala nyuma, mbele tayari iko juu kabla hujafunga chochote. Angalia shokamzoba.

#55 FundiGereji
Hilo nalo lipo. Weka mzigo mbele basi, gunia la mchanga kwenye keria ya mbele, kilo 30.

#56 Mwalimu_wa_Fizikia
Na usukani utakuwa mzito kwenye ile kona ya mgunga. Ila utasaidia.

*(uzi ulilala, ukafufuliwa baada ya masika)*

#57 Nyani_Mzee
Nimefukua kaburi. Mleta uzi mzima? Ulifikia wapi?

#58 Mpaina_Mufindi
Mzima wakuu, asanteni. Nilihamisha mnyororo chini kwenye ndoano, bampa nikakata. Mnyanyuko umepungua sana kwa magogo yote. Nikatengeneza kigari cha tao kama alivyosema Mwanamisitu, nimetumia ekseli ya kirikuu (kile kipikapu kidogo) na bomba la chuma, fundi kachomelea. Kitu kinavuta mpaka raha, gogo la 35 linapanda mlima kama halipo. Shida yake upana, paina zetu mzee alizipanda mita mbili na nusu, sehemu ambazo hatujapunguzia kigari hakipiti, inabidi niburuze kwanza mpaka kwenye njia.

Na pale kwenye kona ya mgunga bado membamba yananishika. Yaliyochongwa, kitako mbele, moja moja, gia ya chini, mchanga kwenye keria. Siyo kila mara, ila yananishika.

#59 Mkata_Kuni
Chimba hapo. Kuna kisiki cha zamani kimefukiwa.

#60 Mpaina_Mufindi
Tumechimba. Hakuna kisiki.

#61 Mwanamisitu
Mzizi wa mgunga? Migunga inatambaza mizizi mbali sana, juu juu.

#62 Mwalimu_wa_Fizikia
Mimi naona ni kona yenyewe. Kamba haivuti tena nyuma sawasawa, inavuta kwa pembeni, tairi moja la mbele linakuwa jepesi kuliko lingine. Kigari nacho kwenye kona kinalala upande. Nyoosha njia tu.

#63 FundiGereji
Kunyoosha njia kwenye mlima unaongeza mwinuko, Mwalimu. Hiyo kona iliwekwa kwa sababu.

#64 Maksai_wawili
Kona hiyohiyo ng'ombe wangu wangepita wamefumba macho.

#65 Mpaina_Mufindi
@Maksai_wawili dawa za kupe zimepanda bei kuliko petroli, umesahau ulivyolia kwenye uzi wa mifugo?

#66 Maksai_wawili
Hiyo ni habari nyingine kabisa usiilete huku.

#67 Mtu_wa_Lupembe
Wakuu nimechelewa ila nina bonde kama hilo. Mpaina, ekseli ya kirikuu umeipata wapi na matairi yake yalikuja nayo au ulinunua mbali? Na Kapi_na_Kamba, kapi la chuma la kuhimili tani moja Njombe mjini linapatikana duka gani, au niagize Dar?

#68 Kapi_na_Kamba
Yale ya madukani ya ujenzi usichukue, ni ya kuvutia ndoo za zege. Nicheki PM nikuelekeze.

#69 Mpaina_Mufindi
Ekseli nilitoa kwenye kirikuu lililokufa, ikaja na matairi mawili, moja lilikuwa kipara nikabadilisha. Angalia breki zake kabla hujalipa, mimi zangu nilizifungua zote maana zilikuwa zimeganda.